Bogotá: Bei ya kahawa hutangazwa kila siku, ya viazi ni kubahatisha

WAKULIMA wawili wanaweza kuwa majirani katika jimbo la Cundinamarca, linalouzunguka Bogotá, mji mkuu wa Kolombia. Mmoja analima kahawa kwenye miteremko yenye joto la wastani, mwenzake analima viazi juu zaidi mlimani, kwenye baridi. Yule wa kahawa akiamka asubuhi anaweza kuijua bei ya siku hiyo kabla hajafunga gunia hata moja. Yule wa viazi hupakia mzigo wake kwenye lori jioni, husafiri usiku, na bei huijua saa tisa za alfajiri akiwa tayari sokoni, wakati ambapo kurudi na mzigo nyumbani ni hasara kubwa kuliko kuuza.

Tofauti hiyo ndiyo iliyonikaa akilini kuliko kitu kingine chochote katika siku 10 nilizokaa Bogotá mwezi Oktoba 2025. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukanyaga Amerika Kusini. Wenyeji wangu walinipeleka kwenye Makumbusho ya Dhahabu na wakanipandisha kilima cha Monserrate, mita 3,152 juu ya usawa wa bahari, na yote mawili yanastahili kuonwa. Lakini mwanauchumi wa kilimo akiachiwa nafasi ya kutembea apendavyo, miguu humpeleka sokoni.

Mji wa baridi karibu na ikweta

Mgeni kutoka Kenya hushangazwa kwanza na jinsi mambo mengi yanavyofanana na ya kwao. Bogotá iko chini kidogo ya nyuzi 5 kaskazini mwa ikweta, kwa hivyo jua huchomoza na kutua karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. Mvua huja mara mbili, Aprili na Mei, kisha Oktoba na Novemba, kama masika na vuli vyetu. Kinachotofautisha ni mwinuko. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, nayo Bogotá iko mita 2,600. Wastani wa joto ni nyuzi 14. Fikiria mji wa watu karibu milioni 8 uliojengwa Kinangop, utakuwa umekaribia. Siku mbili za kwanza nilipanda ngazi za ghorofa moja tu nikawa natweta kama mzee, ingawa nimekulia nyanda za juu.

Kupotea ni vigumu. Milima iko mashariki daima, na ukiiona umeshajua uelekeo. Barabara zinazoshuka kutoka milimani huitwa calle na zile zinazokwenda sambamba na milima huitwa carrera, na zote zina namba. Anwani yenyewe hukueleza jengo liko mita ngapi kutoka kwenye kona. Kwa anayesambaza mizigo madukani, hiyo ni akiba ya mafuta na ya simu za “uko wapi sasa?” ambazo sisi huzipiga siku nzima.

Nyumba nazo zimepangwa katika madaraja sita. Chini ya sheria ya 1994, wanaoishi katika daraja la 1 hadi la 3 hupunguziwa gharama ya maji na umeme, nao wa daraja la 5 na la 6 hulipa zaidi ili kuchangia punguzo hilo. Watu hutaja daraja lao bila haya, kama sisi tunavyotaja mtaa.

Jambo jingine ambalo mgeni hulijua baadaye ni kwamba karibu robo tatu ya ardhi iliyo chini ya serikali ya jiji hilo ni mashamba na milima. Kusini, katika maeneo ya Usme na Sumapaz, kuna watu wanaopiga kura ya kumchagua meya wa Bogotá na kazi yao ni kulima viazi na kukama ng'ombe. Huko juu kuna nyika za baridi ambazo hunyonya ukungu na mvua na kulisha mito. Jiji lilijifunza thamani ya nyika hizo kwa uchungu: kuanzia Aprili 2024 hadi Aprili 2025, mabwawa ya Chingaza yalipopungua, mitaa ya Bogotá ilikatiwa maji kwa zamu.

Soko linaloamka usiku wa manane

Corabastos ni soko kuu la jumla la Bogotá. Liko kusini magharibi mwa jiji, katika eneo linaloitwa Kennedy, na lilifunguliwa mwaka 1972. Ukubwa wake ni hekta 42 hivi. Linaendeshwa na kampuni ambayo serikali kuu, jimbo la Cundinamarca na jiji zina hisa, pamoja na wafanyabiashara binafsi. Maelfu ya tani za chakula huingia na kutoka humo kila siku.

Nilifika saa tisa alfajiri nikiwa na mwenyeji anayenunulia mboga maduka matatu ya mtaani. Alinionya nivae viatu vya zamani na nisisimame katikati ya njia. Nilielewa sababu tulipopita lango. Wachukuzi, ambao huko huitwa coteros, hupita na gunia la kilo 50 mgongoni kwa mwendo wa kukimbia, na mwenye mkokoteni hangoji mtu. Kila zao lina ghala lake lenye namba. Kuna vitunguu mahali pake, ndizi mahali pake, na viazi vina maghala yake ambayo mtu anaweza kuyanusa kabla ya kuyaona, ile harufu ya udongo mbichi.

Viazi havichanganywi. Kuna pastusa, cha kupika kila siku, kuna sabanera, na kuna criolla, kidogo na cha manjano kama kiini cha yai, ambacho huiva haraka lakini hakiwezi kuwekwa kwa muda mrefu kwa sababu huchipua upesi. Kila kimoja kina bei yake. Mnunuzi hufungua gunia, hutia mkono hadi chini kabisa, hutoa viazi vitatu au vinne, hukikata kimoja kwa kisu, kisha ndipo wazungumze bei.

Sikuona gunia hata moja lenye kilemba. Gunia ni kilo 50 na limeshonwa mdomoni. Huku kwetu kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema hivyo hivyo, lakini mkulima wa Nyandarua au Meru anajua vyema kinachotokea lori likisimama kando ya barabara. Mwenyeji wangu nilipomweleza kuhusu gunia linaloongezwa juu kwa wavu hadi lifikie kilo 100 na kitu, alicheka kwanza, kisha akauliza kwa nini mkulima anakubali. Swali hilo ningependa kuliacha kwa wasomaji.

Bei hupatikana katika muda wa saa chache. Malori yakiwa mengi, inashuka mbele ya macho yako. Mvua ikifunga barabara ya Boyacá, inapanda. Soko hutoa orodha ya bei kila siku, na idara ya takwimu ya taifa, DANE, ina mpango uitwao SIPSA unaokusanya bei za jumla katika miji mbalimbali na kuzitangaza bila malipo. Mkulima mwenye simu hakosi habari.

Lakini kuijua bei ya jana si sawa na kuahidiwa bei ya leo. Mkulima wa viazi wa Cundinamarca anajua kila kitu kilichotokea sokoni, na bado hakuna mtu anayewajibika kununua mzigo wake. Bei ikiwa nzuri, kila mtu hupanda. Miezi mitano au sita baadaye wote huvuna pamoja na bei huanguka. Wengi huacha kupanda, viazi huadimika, bei hupanda tena. Mzunguko huo tunaujua sisi pia, katika viazi, vitunguu na nyanya.

Mara mbili mzunguko huo umetoka sokoni ukaingia barabarani. Agosti 2013 wakulima wa viazi, maziwa na vitunguu, hasa wa Boyacá, walifunga barabara kulalamikia gharama ya mbolea na mikataba ya biashara huria iliyoleta bidhaa za nje. Novemba 2020, katikati ya janga la corona, migahawa ikiwa imepunguza ununuzi, familia za wakulima zilisimama kando ya barabara kuu na kuuza magunia kwa wenye magari kwa bei isiyorudisha hata gharama ya mbegu. Wakati huo kulikuwa na malalamiko juu ya chipsi zilizogandishwa kutoka Ulaya. Serikali ilikuwa imeshaziwekea ushuru maalumu chipsi za Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani mwaka 2018, na Umoja wa Ulaya ukaipeleka Kolombia mbele ya Shirika la Biashara Duniani. Watu wa mjini walinunua yale magunia ya barabarani kwa huruma. Huruma, kwa bahati mbaya, haina msimu wa pili.

Magugu yetu, mboga yao

Kwa mfanyabiashara mdogo, Corabastos ni kubwa mno kuzungukwa kwa asubuhi moja. Paloquemao ndilo soko la kutembelewa kwa utulivu. Liko karibu na katikati ya jiji, na alfajiri uwanja wake wa magari hugeuka bahari ya maua.

Kolombia ni ya pili duniani kwa kuuza maua nje, nyuma ya Uholanzi, na sehemu kubwa hulimwa kwenye tambarare inayozunguka Bogotá, katika miji kama Madrid, Funza na Facatativá. Wengi tunadhani wanapigania soko moja na Naivasha. Kwa kiasi kikubwa sivyo. Maua yao mengi huenda Marekani, yetu mengi huenda Ulaya. Ndege kutoka Bogotá hufika Miami kwa muda usiofika saa nne, ilhali Nairobi hadi Amsterdam ni zaidi ya saa nane. Tangu 1991 Marekani iliyafungulia mlango maua hayo bila ushuru, ikitaka wakulima wa ukanda huo wawe na mazao mengine badala ya koka, na mwaka 2012 mkataba wa biashara huria ukaanza kazi. Umbali na ushuru ndivyo vilivyogawa ramani ya maua duniani, udongo ukifuata nyuma.

Ndani ya Paloquemao niliwaona jamaa zetu wengi. Matunda-damu, yale mengine huyaita nyanya za mti, yamepangwa kwa rangi mbili, mekundu na ya manjano, na kila kibanda cha juisi huyasaga. Karakara ya zambarau, ambayo wao huiita gulupa, huuzwa pia Ulaya. Avokado aina ya Hass ipo kwa wingi, na hapo ndipo tunaposhindana hasa, kwa kuwa Kenya na Kolombia zote huipeleka kwa wanunuzi wa Ulaya. Kisha kuna uchuva, yale matunda madogo ya manjano yaliyofunikwa kwa ganda jembamba kama karatasi, ambayo watoto wa nyanda zetu za juu huyachuma kando ya ua wakila. Kolombia huyafunga kwenye vikebe na kuyasafirisha ng'ambo, nayo ni kati ya nchi zinazoongoza kwa biashara hiyo.

Kilichonichekesha zaidi ni fungu la majani yaliyofungwa kwa uzi. Muuzaji aliniambia ni guascas, kiungo ambacho bila hicho supu ya ajiaco si ajiaco. Ajiaco ni chakula cha heshima cha Bogotá: kuku, aina tatu za viazi, gunzi la mahindi, krimu na avokado pembeni. Niliyanusa yale majani, nikayageuza, nikayatambua. Ni Galinsoga parviflora, lile gugu lenye kiua kidogo, kitovu cha manjano na petali nyeupe tano, ambalo huota katikati ya maharagwe mara mvua inyeshapo na ambalo tumeling'oa tangu utotoni. Asili yake ni Amerika Kusini. Huko huuzwa kwa fungu, mabichi na makavu.

Sukari guru nayo ina heshima yake. Huiita panela. Huuzwa kwa vipande vya mraba na vya duara katika kila duka, na watu huiyeyusha katika maji ya moto wakanywa na jibini asubuhi za baridi. Ni India pekee inayoishinda Kolombia kwa uzalishaji. Sheria ya mwaka 1990 inakataza kutengeneza panela kwa kuyeyusha sukari ya kiwandani, kwa ajili ya kumlinda mwenye kinu kidogo cha miwa. Wenye vinu vya sukari guru Magharibi mwa Kenya na Nyanza, ambao bidhaa yao hapa nchini wengi huihusisha tu na pombe haramu, wangeshangaa kuiona imefungwa vizuri, ina jina la kijiji na tarehe, imewekwa rafu moja na asali.

Wauzaji wa Bogotá wana adabu ya biashara inayoambukiza. Ukipita tu mbele ya kibanda unasikia “a la orden”, yaani niko tayari kukutumikia, na ukishanunua unaambiwa tena. Jirani huitwa vecino au vecina hata kama hamjuani. Na mkulima aliyetoka Boyacá, akizungumza na mtu mzima au na mtoto, humwita sumercé, neno la zamani lenye maana ya bwana mheshimiwa, ambalo kwao limekuwa la upole na la nyumbani. Nililipenda neno hilo.

Biashara ya barabarani

Usafiri mkuu wa jiji ni mabasi mekundu ya TransMilenio yanayopita katika njia zao peke yake. Yalianza Desemba 2000, na ndiyo yaliyokuwa mfano kwa mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam yaliyoanza 2016. Yanakwenda haraka lakini hujaa kupita kiasi jioni. Ndani yake kuna soko lingine kabisa: mtu huingia na peremende, kalamu, soksi au gitaa, huwasalimu abiria kwa heshima, hutoa hotuba fupi, hupokea sarafu na kushuka kituo kinachofuata. Kisheria hairuhusiwi. Kila mtu anajua kwa nini inaendelea.

Kuanzia mwaka 1974 jiji lina desturi ya kufunga barabara kubwa kwa magari kila Jumapili na sikukuu, saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, na kuziacha kwa baiskeli na waenda kwa miguu. Siku hizi ni zaidi ya kilomita 120 za lami. Wengine huliona kama jambo la afya. Mimi niliona pia mafundi baiskeli wenye pampu na boksi la spana, wauza maji ya machungwa, wauza maembe yaliyokatwa na kutiwa chumvi na ndimu, kila baada ya mita mia chache. Wengi wana alama ya mraba ya kulipia kwa simu, ya Nequi au Daviplata. M-Pesa ilitangulia, lakini huko sikukuta muuzaji aliyekataa malipo hayo kwa kuhofia makato.

Na kila mahali kuna tinto. Ni kahawa nyeusi katika kikombe kidogo, inayouzwa na mtu anayesukuma kigari kilichojaa chupa za chai. Bei yake ni takriban nusu dola. Nilitarajia, kwa kuwa niko Kolombia, kwamba ingekuwa kahawa ya kukumbukwa. Mara nyingi ilikuwa kali, yenye uchungu wa kuungua, na imetiwa panela ili kuuficha uchungu huo. Sababu ni ya kiuchumi. Kwa miaka mingi kahawa safi iliuzwa nje, na kahawa iliyobaki baada ya kuchambuliwa, ambayo huitwa pasilla, ndiyo iliyokaangwa kwa wenyeji. Kolombia huagiza hata kahawa kutoka nchi jirani kwa ajili ya wanywaji wake. Mambo yameanza kubadilika tangu mwaka 2002, yalipofunguliwa maduka ya Juan Valdez, chapa ya wakulima wenyewe, na siku hizi mitaani kuna mikahawa midogo inayotaja shamba na mwinuko ilikotoka kahawa. Mkenya hawezi kuwacheka. Sisi hupeleka karibu kahawa yetu yote nje, kisha tunakunywa chai.

Nani hununua, na kwa bei gani

Ofisi kuu ya Shirikisho la Taifa la Wakulima wa Kahawa, Federación Nacional de Cafeteros, iko Bogotá. Shirikisho hilo liliundwa mwaka 1927 na linawakilisha zaidi ya familia 500,000, nyingi zikiwa na shamba dogo la hekta moja au mbili za kahawa. Kila ratili ya kahawa inayouzwa nje hukatwa senti 6 za dola. Fedha hizo huingia katika mfuko wa taifa wa kahawa, ulioanzishwa 1940, na kazi yake ni tatu hasa: utafiti, maafisa wa kuwatembelea wakulima, na dhamana ya kununua.

Dhamana hiyo ndiyo kiini cha mambo. Kila siku ya kazi shirikisho hutangaza bei ya mzigo wa kilo 125 za kahawa kavu yenye ganda. Hukokotolewa kutokana na bei ya soko la New York, thamani ya peso dhidi ya dola, na nyongeza ambayo wanunuzi huilipia kahawa ya Kolombia. Vyama vya ushirika vina mamia ya vituo vya kununulia katika miji midogo, na mkulima yeyote akileta kahawa inayofikia kiwango, lazima inunuliwe na alipwe papo hapo. Bei ya msingi ni ya kahawa ambayo kilo 94 zikikobolewa hutoa gunia la kilo 70 la kahawa safi ya kusafirishwa. Ukileta nzuri zaidi, unaongezewa. Mfanyabiashara binafsi anaweza kununua pia, na wengi hununua, lakini hawezi kutoa bei ya kudhulumu kwa sababu mkulima anajua mlango wa pili uko wapi.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau wanapoulinganisha mfumo huo na wetu. Mkulima wa Kolombia humenya, huchachusha, huosha na kukausha kahawa yake nyumbani. Anachopeleka mjini ni kitu kikavu kinachoweza kukaa wiki kadhaa chini ya kitanda akingojea bei. Mwanachama wa chama chetu hupeleka matunda mabichi kiwandani siku ile ile aliyoyachuma, hupewa risiti, kisha hungoja mnada na hesabu kwa miezi. Mfumo wa kumlipa mkulima moja kwa moja ulioanza 2023 umepunguza mikono inayopitiwa na fedha. Lakini siku anapokabidhi mavuno yake, bado hajui yana thamani gani. Kwa upande huo yuko karibu zaidi na mkulima wa viazi wa Cundinamarca kuliko na mkulima wa kahawa.

Kwa haki yao, viwanda vyetu vya pamoja ndivyo vilivyoipa kahawa ya Kenya ubora wake unaolingana gunia hadi gunia. Kila njia ina gharama yake.

Senti 6 zimeonekana zilikokwenda. Ugonjwa wa kutu ya majani uliposhambulia kuanzia 2008, pamoja na mvua nyingi, mavuno ya Kolombia yalishuka kutoka magunia zaidi ya milioni 12 ya kilo 60 hadi chini ya milioni 8 mwaka 2012. Kituo cha utafiti cha Cenicafé kilikuwa tayari na aina inayostahimili iitwayo Castillo, iliyotolewa 2005. Maafisa wakapita shamba kwa shamba kuhimiza kung'oa miti ya zamani, na kufikia 2015 mavuno yalikuwa zaidi ya magunia milioni 14. Wakulima wetu wanaokuza Ruiru 11 wana undugu na kazi hiyo, maana Catimor, mmoja wa wazazi wa Ruiru 11, mbegu zake zilitoka Kolombia.

Dhamana hiyo ina mipaka. Inahakikisha kuwa kuna mnunuzi, haihakikishi kuwa bei italipa gharama. Februari na Machi 2013, bei ya New York ilipoanguka na peso ikawa na nguvu, wakulima wa kahawa nao walifunga barabara hadi serikali ikaongeza ruzuku. Na bei ikipanda kuna shida ya aina yake. Vyama vingi huuza kahawa kabla ya mavuno kwa bei iliyokubaliwa mapema. Julai 2021 baridi kali iliharibu mashamba ya Brazili na bei ikaruka. Wakulima wengi waliokuwa wameahidi kahawa kwa bei ya zamani hawakuileta, waliiuza kwingine kwa bei mpya. Kiasi ambacho hakikufikishwa kilikisiwa kuwa magunia milioni 1 hivi, na vyama vya ushirika vikabaki na madeni makubwa. Kwa hivyo anayetaka kuleta dhamana ya bei Kenya, iwe kwa kahawa au kwa viazi, afikirie pia siku ambayo mkulima mwenyewe ndiye atakayeshawishika kuikimbia.

Bei ya Bogotá yaweza kukuhusu

Katika Shirika la Kimataifa la Kahawa, nchi tatu huwekwa katika kundi moja la kahawa laini: Kolombia, Kenya na Tanzania. Kundi lenyewe huitwa kwa jina la Kolombia. Kwa hiyo bei inayotangazwa Bogotá kila siku si ya wageni tu. Haitakuambia kahawa yako itauzwa kwa kiasi gani kwenye mnada wa Nairobi, kwa kuwa kahawa bora ya Kenya mara nyingi hupata bei ya juu zaidi, lakini itakuonyesha soko linaelekea wapi. Bei ya New York ilipovuka dola 4 kwa ratili Februari 2025, mkulima wa Cundinamarca aliiona katika tangazo la siku hiyo hiyo.

Hesabu ni rahisi. Chukua bei iliyotangazwa kwenye tovuti ya shirikisho, igawanye kwa 125 upate bei ya kilo moja yenye ganda katika pesos, kisha uibadilishe kuwa dola na shilingi kwa viwango vya siku. Kumbuka hiyo ni kahawa kavu yenye ganda. Kilo 100 za matunda mekundu hutoa kilo 20 hivi za kahawa ya aina hiyo, kwa hiyo gawanya tena kwa 5 ukitaka kulinganisha na malipo ya kilo moja ya matunda uliyopeleka kiwandani. Toa gharama za kumenya, kuosha na kukausha, ambazo mwenzako wa Kolombia huzibeba mwenyewe. Kinacholingana baada ya hapo ndicho cha kupeleka kwenye mkutano mkuu wa chama, na kalamu mkononi.